Simiyu Yetu Kutoka Juu

Uko mchezo mmoja ambao wengi wetu tumeuona ukichezwa na vijana, tukaupita bila ya kuutazama mara mbili. Kijana huketi mbele ya kompyuta, akashika usukani mdogo au vitufe tu, na katika kioo kilicho mbele yake ndege huondoka chini, hupanda, hupinda, na mwishowe hutua. Vijana huuita simuleta, yaani chombo cha kuigiza urubani. Leo twataka kuutetea mchezo huo mbele ya wasomaji wetu. Tena twataka kuzitaja safari tatu fupi ambazo sisi twaziona kuwa bora kupita zote kwa mtu wa Mkoa wa Simiyu, na kulisema jambo zito ambalo safari hizo hutufunulia.

Kwanza yafaa ijulikane kwamba chombo hiki si cha watoto. Mwaka 1929 Mmarekani mmoja, Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda, alitumia pampu na mivukuto ya vinanda kuunda sanduku lenye mabawa mafupi, lililoweza kuinama na kuzunguka kama ndege bila ya kuondoka sakafuni. Wengi waliliona kuwa kitu cha kuchezea, na kwa kweli aliliuza hata katika viwanja vya starehe. Lakini mwaka 1934, marubani kadhaa wa jeshi la Marekani walipokufa wakichukua barua katika mawingu na dhoruba, jeshi hilo lilinunua masanduku 6 ili marubani wajifunze kuongoza ndege kwa kutazama saa na vipimo peke yake. Katika Vita Kuu ya Pili marubani wengi mno wa nchi zilizoungana walijifunzia humo. Mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ilitoa Flight Simulator yake ya kwanza kwa kompyuta za watu wa kawaida. Toleo lake la mwaka 2020 lilikuja na picha za dunia nzima zilizopigwa kutoka juu. Ziko na programu nyingine, kama X-Plane. Na iko FlightGear, ambayo tangu miaka ya 1990 imetengenezwa na watu wanaojitolea, nayo hutolewa bure kwa kila atakaye.

Basi tuingie safarini. Chukua ndege ndogo ya injini moja, kama Cessna 172, ambayo kwa mwendo wake wa kawaida hukata kilomita kama 200 kwa saa.

Safari ya kwanza ni ya kutoka Mwanza kwenda Bariadi. Kwa njia ya moja kwa moja ni kilomita kama 120, nayo haizidi dakika 40. Kabla ya kuondoka utapata somo la kwanza. Kiwanja cha Mwanza kiko ukingoni mwa ziwa, na mtu aweza kudhani kuwa ni mahali pa chini kama Dar es Salaam. Kumbe kiko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na mchana wa jua kali huwa nyepesi zaidi, hata ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Aliyezoea kurusha ndege ya simuleta katika viwanja vya pwani hushangaa kuona mwisho wa njia ukimjia upesi. Ukishapanda, elekea mashariki. Mkono wako wa kushoto itakuwapo Ghuba ya Speke, na ng'ambo ya maji kisiwa cha Ukerewe, kikubwa kuliko visiwa vyote vya Ziwa Victoria. Mkono wa kulia ni vilima vya mawe vya Usukuma, jiwe limepandana na jiwe kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Utaiona Magu, kisha Mto Simiyu unaoupa mkoa wetu jina, ukitoka mashariki na kumwaga maji yake ziwani. Hapo liache ziwa nyuma yako, ukafuate nchi ya mashamba mpaka Bariadi.

Safari ya pili yaanzia Lamadi, katika Wilaya ya Busega, mahali ambapo barabara ya Mwanza na Musoma yakutana na ile ya kwenda Bariadi. Simuleta ina fadhila moja ambayo ndege ya kweli haina: waweza kuanza safari ukiwa tayari angani, mahali popote upendapo. Anza juu ya Lamadi, kimo cha mita mia tano kutoka chini, ziwa likiwa mgongoni. Lango la Ndabaka la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti li karibu sana. Toka hapo nchi inakuwa kama ukumbi mrefu wa mbuga baina ya mito miwili, Grumeti upande wa kaskazini na Mbalageti upande wa kusini, na yote miwili hukimbilia ziwani. Fuata ukumbi huo kwa nusu saa na zaidi kidogo, utafika Seronera, katikati ya hifadhi, ambapo njia ya kutulia ni ya changarawe. Hapana safari nyingine fupi katika nchi hii inayomtoa mtu kwenye mitumbwi ya wavuvi ikamfikisha penye simba kwa muda mdogo hivyo.

Safari ya tatu ndiyo tunayoipenda kuliko zote, ingawa ndiyo ngumu. Anza juu ya Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, ukaelekee mashariki. Kwa muda nchi ni tambarare ya miiba na nyasi, na rubani mvivu aweza kusinzia. Halafu ghafla ardhi inakatika. Huo ndio ukuta wa Bonde la Ufa, na chini yake limelala Ziwa Eyasi, ambalo wakati wa kiangazi hupungua likaacha chumvi nyeupe mahali pa maji. Kandokando yake ndiko waishiko Wahadzabe, watu wa upinde na asali. Ukivuka ziwa, mbele yako yasimama milima ya Ngorongoro. Hapa asiyefikiri mapema huanguka. Ukingo wa kreta umepita mita 2,200, na ndege ndogo hupanda polepole kadiri hewa inavyopungua. Anayengoja mpaka aione milima ndipo apande, amekwisha chelewa. Anayeanza kupanda angali juu ya Eyasi atauvuka ukingo kwa amani, na atalitazama bonde la duara, upana wake kilomita kama 20, sakafu yake mita kama 600 chini ya ukingo. Mwalimu gani wa jiografia aweza kulifundisha Bonde la Ufa kwa dakika 50 na likakaa kichwani mwa mwanafunzi namna hiyo?

Hizo ndizo safari zetu. Sasa tuseme lile jambo zito.

Zamani kuitazama nchi kutoka juu ilikuwa kazi ya mtawala. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza iliunda idara maalum ya kupima makoloni yake, na ndege zikaipiga picha Tanganyika ili ramani zichorwe. Mkulima wa Ntuzu aliisikia ndege ikipita juu ya shamba lake, akainua uso, akaendelea kupalilia. Yeye alionekana, yeye hakuona. Baadaye, kati ya mwaka 1957 na 1959, Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliizunguka Serengeti kwa ndege yao iliyopakwa milia ya pundamilia, wakiwahesabu wanyama. Katika hesabu yao nyumbu walikuwa karibu 100,000. Leo nyumbu wa Serengeti hukisiwa kuwa zaidi ya milioni moja. Tarehe 10 Januari, 1959, Michael alipokuwa akiruka peke yake, ndege yake iligongana na tumbusi ikaanguka, akafa, naye amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Filamu yao juu ya Serengeti ilipata tuzo kubwa ya Marekani, Oscar, mwaka 1960.

Twawapa heshima yao watu hao, kwa kuwa walifanya kazi ngumu na mmoja wao aliilipia kwa roho yake. Lakini hatuna budi kuangalia jambo moja. Mwaka uleule wa 1959 mipaka ya hifadhi ilibadilishwa, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani yake wakahamishiwa upande wa Ngorongoro. Jicho la angani liliwaona nyumbu vizuri sana. Halikuona kwa uwazi huohuo mji wa mtu, kisima chake, kaburi la babu yake na njia ya ng'ombe wake. Kuona kutoka juu si kujua. Anayejua ni yule aliyetembea chini, na ni vema sana ikiwa huyohuyo atapata nafasi ya kupanda juu.

Ndiyo maana twasema kwamba kijana wa Bariadi anayeruka juu ya Bariadi katika simuleta hafanyi jambo lilelile afanyalo mtu wa London au Chicago arukaye hapohapo. Mgeni huona rangi ya kijani na rangi ya udongo. Kijana wetu huona doa la miti lililozungukwa na ardhi nyeupe, akasema, "Hiyo ni ngitili," yaani malisho yaliyofungwa ili majani yaote yasaidie ng'ombe wakati wa kiangazi. Akiwa na mzee kando yake ataambiwa habari ya HASHI, ile kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga iliyoanzishwa mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, na jinsi ngitili zilivyorudishwa mahali palipokuwa pamebaki vumbi. Ataona bati refu linalong'aa, akasema kwamba hicho ni kinu cha kuchambulia pamba. Hapo mzee atamweleza habari za wakulima wa Kanda ya Ziwa waliojiunga katika vyama vya ushirika miaka ya 1950 chini ya Paul Bomani, ili wauze pamba yao wenyewe. Picha ni moja, lakini wanaoisoma ni wawili, na mmoja tu ndiye ajuaye kusoma.

Hata hivyo picha yenyewe ina kasoro, na kasoro hizo zatuhusu. Mto Simiyu katika picha hubaki katika hali ya siku uliyopigwa picha: kama ulikuwa mchanga mtupu siku ile, utakuwa mchanga mtupu hata ukiruka katika mvua za masika. Vijijini, penye nyumba ya nyasi au bati iliyozungushiwa ua wa minyaa, mara nyingi kompyuta huweka nyumba za namna ya Ulaya, kwa kuwa hizo ndizo ilizofundishwa. Penye zahanati hapana kitu. Barabara ambayo pamba yetu hupitia imekatika katikati ya pori, kana kwamba aliyeichora aliitwa kula akasahau kurudi.

Je, ni nani aliyechora? Jibu lake litawashangaza wengi. Programu kadhaa za namna hii, X-Plane ikiwa mojawapo, huchukua barabara na majengo kutoka OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo huchorwa na watu wa kujitolea, na ambayo mtu yeyote aweza kuiongezea. Mwezi Agosti, 1920 na miaka mia juu yake, yaani 2020, wachezaji wa Flight Simulator waliona katika kitongoji kimoja cha mji wa Melbourne, Australia, mnara mwembamba ajabu uliopanda mpaka mawinguni. Chanzo chake kilikuwa hiki: mtu mmoja aliyekuwa akijaza ramani hiyo alikusudia kuandika kwamba nyumba ile ina ghorofa 2, kidole kikateleza, akaandika 212. Kompyuta haikuuliza swali. Ilijenga. Watu walicheka, nasi twacheka. Lakini ndani ya kicheko hicho liko fundisho. Ikiwa kidole cha mtu mmoja chaweza kusimamisha mnara usiokuwapo, basi vidole vya vijana wetu vyaweza kuiweka zahanati iliyopo, shule iliyopo, lambo lililopo na barabara iliyopo.

Tena faida yake haikomi katika mchezo. Tangu mwaka 2015 wako watu wa kujitolea, chini ya mpango uitwao Crowd2Map Tanzania, waliokwisha kuchora vijiji vingi vya nchi yetu katika ramani hiyohiyo. Na moja ya sababu za kuanza kwake ilikuwa kuwasaidia wanaowaokoa wasichana wa jirani zetu wa Mkoa wa Mara wasikeketwe, maana mwokozi hawezi kufika upesi katika kijiji ambacho hakimo katika ramani. Dar es Salaam nako, mpango wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015, wanafunzi na wakaazi wakaichora mitaa yao ili mafuriko yajulikane yatapita wapi. Mkoa wa Simiyu ni kijana. Ulizaliwa mwaka 2012 kwa kukatwa kutoka Shinyanga, na Busega ikatoka upande wa Mwanza. Mtoto hujifunza kuliandika jina lake mwenyewe. Hangoji jirani amwandikie.

Twajua kwamba wako watakaotupinga. Wa kwanza atasema kwamba huu ni mchezo wa matajiri: mkulima wa pamba anayesubiri bei ana haja gani na ndege ya kwenye kioo? Swali hili ni la haki, nasi hatulipuuzi. Ni kweli kwamba programu zenye picha nzuri kupita zote hutaka kompyuta ya bei kubwa na intaneti isiyokatika, na hizo si za kila nyumba. Lakini hatusemi kila nyumba inunue. Twasema shule ya sekondari yenye kompyuta yaweza kuweka FlightGear bila ya kulipa hata senti moja kwa programu, ikachukua mara moja ramani ya Kanda ya Ziwa, na baada ya hapo ikaruka bila ya intaneti. Mashine moja, wanafunzi kumi: mmoja ashike usukani, mmoja asome ramani, mmoja ahesabu muda na mwendo, na waliobaki watazame na kusahihisha. Hiyo ni hesabu, ni jiografia na ni fizikia kwa wakati mmoja.

Wa pili atasema kwamba vijana watapoteza usiku mzima. Naye twamkubalia nusu. Kila kitu kizuri kikipita kiasi huharibika, na kijana asiyelala hatalima wala hatasoma. Ndiyo sababu tumezichagua safari fupi. Safari ya dakika 40 ina mwanzo na mwisho. Ukishatua, zima mashine, uende zako. Anayetaka kuvuka bahari kwa saa kumi akiwa kitini pake, huyo na afanye wakati wa likizo.

Wa tatu atasema, "Mtawadanganya vijana wajione marubani." La hasha. Twawaambia waziwazi: saa elfu za simuleta ya nyumbani hazimpi mtu leseni. Kwa kanuni za kimataifa mwenye kutaka leseni ya rubani wa binafsi hana budi kuruka si chini ya saa 40, au saa 35 katika mafunzo yaliyoidhinishwa, akapimwa afya na kufanya mtihani, na gharama yake ni kubwa. Lakini mtoto hawezi kuitamani kazi asiyojua kwamba ipo. Wako watoto wa Itilima waliojua ndege kuwa ni mstari mweupe angani. Mtoto aliyetua Seronera katika kioo mara ishirini, siku moja atauliza njia ya kwenda katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo; na hata asipokuwa rubani, huenda akawa fundi wa ndege, au mpima ardhi, au mwongozaji wa ndege katika mnara. Na asipokuwa lolote katika hayo, atakuwa raia anayeijua nchi yake ilivyokaa. Hilo nalo si dogo.

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu. Walimu wa jiografia wa mkoa huu wazijaribu safari tatu tulizozitaja, na waongeze ya nne ya kwao wenyewe: kwa mfano ile ya kuifuata reli ya Mwanza, iliyofika huko mwaka 1928, mpaka Malampaka katika Wilaya ya Maswa, kama walivyofanya marubani wa zamani waliposhika njia ya reli ili wasipotee. Vijana wenye simu na kompyuta wajifunze kuichora OpenStreetMap, waanze na kijiji chao, na wasiandike ila kile walichokiona kwa macho yao. Na wazee, badala ya kuwadhihaki, waketi kando yao japo mara moja, wawaambie majina: kilima hiki chaitwaje, mto huu hukauka mwezi gani, hapa palikuwa na nini kabla ya kuwa shamba. Kompyuta haina majina hayo. Yamo vichwani mwa wazee wetu, nao hawatakaa nasi milele.

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Macho tunayo, na sasa hata mabawa tumepewa, ingawa ni ya kuigiza. Kazi iliyobaki ni kuijaza ramani, na kazi hiyo hapana mgeni awezaye kutufanyia vizuri kuliko sisi wenyewe.